Simsim Iliyoruka Ukuta

Siku binti yangu alipoonja simsim kwa mara ya kwanza maishani, mwili wake ulikuwa tayari unaijua, na ulikuwa umeshaamua kwamba ni adui.

Tulikuwa Dagoretti Corner, Jumamosi asubuhi, tumepeleka viatu vyake vya shule kushonwa soli. Alikuwa na miaka minne na miezi miwili. Mchuuzi alipita na beseni la simsim iliyogandishwa kwa sukari, zile tufe ndogo ambazo kila mtu Nairobi amewahi kula akisubiri jambo fulani. Binti yangu akaomba, nikanunua tatu. Aliuma nusu ya moja, akatafuna kwa makini, akasema ni tamu kuliko keki. Fundi alikuwa bado anashona kiatu cha pili mdomo wa juu wa binti yangu ulipoanza kuvimba. Kisha vikaja vivimbe kama alama za mbu wengi walioshambulia kwa pamoja: kidevuni, shingoni, nyuma ya masikio.

"Dadi," akasema, "mdomo wangu unakua."

Milango miwili kutoka hapo kulikuwa na duka la dawa. Mwanamke aliyekuwa ndani alimtazama mara moja tu, akampa dawa ya mzio kwa kifuniko cha chupa, akatukalisha kwenye benchi karibu na kaunta.

"Muongeleshe," akaniambia. "Nataka kusikia sauti yake. Ikibadilika, au akianza kukohoa ama kutapika, hapo tunaenda hospitali mbio, hakuna kungoja viatu."

Kumwongelesha binti yangu hakujawahi kuwa kazi ngumu. Alimweleza mwenye duka habari za mwalimu wake, paka wa jirani na jino la binamu yake. Sauti haikubadilika. Baada ya saa moja vivimbe vilikuwa vimelala, mdomo umerudi ulivyokuwa, na yeye anauliza zile mbili na nusu zilizobaki ziko wapi.

Kazi yangu ni kukagua habari za wenzangu gazetini kabla hazijachapishwa, katika ofisi iliyoko katikati ya jiji. Nimezoea kuandika saa na kiasi. Siku hiyo niliandika nyuma ya risiti ya dawa: nusu tufe, saa nne na dakika kumi, uvimbe saa nne na dakika ishirini na moja. Sikujua bado kwamba swali kubwa halikuwa kilichotokea saa nne. Lilikuwa kilichotokea miaka minne kabla yake.

Ngozi ya binti yangu ilianza kusumbua akiwa na miezi mitatu. Mashavu yalikuwa ya kwanza, yakawa makavu kama karatasi ya msasa. Kisha mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti ikaingia weusi, ikapasuka, ikawa inatoa majimaji. Kliniki walituambia ni ukurutu, ule ambao mjini tunauita ekzema. Walitupa maagizo mafupi: maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na manukato, krimu nzito isiyo na harufu mara mbili kwa siku, na mrija mdogo wa dawa kwa siku mbaya.

Maagizo yasiyoandikwa yalikuwa mengi zaidi. Tunaishi ghorofa ya tatu, Kileleshwa, na kwenye lifti ya jengo letu peke yake nimeshauriwa maji ya mchele, shubiri, asali, majani ya mpera na maziwa ya mbuzi. Mwendeshaji mmoja wa bodaboda kwenye steji yetu, mtu mwenye huruma ya kweli, alimwangalia mtoto viwiko akasema, "Mzee, mpake oili ya injini. Ile mpya lakini, sio ya kumwagwa. Mbwa yangu ilipona."

Nilimshukuru. Nikaandika na hiyo.

Lakini kuna jambo moja ambalo halikuwa ushauri wa mtu yeyote, kwa sababu hakuna anayehitaji kuambiwa. Kwetu mtoto hutoka nje ya nyumba aking'aa. Kabla hajavuka mlango anakaguliwa miguu, magoti, viwiko na paji la uso, na akionekana amepauka, anarudishwa ndani. Mtoto aliyepauka hasemi chochote juu yake mwenyewe. Anasema juu ya waliomlea. Na ile krimu ya kliniki ilikuwa na kasoro moja tu. Ilizama ndani, ikalainisha ngozi, ikatuliza muwasho, ila haikuacha mng'ao wowote. Ilifanya kila kitu isipokuwa kile ambacho majirani wangeweza kukiona.

Mke wangu na mimi hutoka asubuhi. Anayebaki na mtoto ni mama mmoja wa makamo ambaye tunamwita Anti, mtu wa Kakamega, aliyelea wanne wake mpaka wakamaliza shule kabla hajaja kwetu. Naye huniita Dadi, kama mtoto anavyoniita. Na ghorofa ya pili, chini yetu kabisa, anakaa Ba.

Ba ni bibi kwa Kigujarati. Jengo zima humwita hivyo, hata askari wa geti. Amezaliwa Nairobi na mamake vilevile. Yeye na marehemu mumewe walikuwa na duka la vitambaa mjini kwa miaka mingi. Watoto wake wako ng'ambo. Tangu binti yangu alipojua kutambaa, kila siku saa kumi alasiri Anti humteremsha kwa Ba, na huko wawili hao hukata bamia, hutazama tamthilia ambazo mmoja wao haelewi, na huhesabu kwa Kigujarati. Mtoto amefika arobaini. Kila Januari Ba hutengeneza ladu, tufe tamu za simsim na sukari guru, kwa ajili ya sikukuu yao ya Kihindu, na kila nyumba ya jengo hupelekewa sahani. Sisi tulikuwa tunazila mtoto akishalala, kwa sababu ya meno yake. Ndiyo maana nilikuwa na hakika kwamba simsim haijawahi kupita mdomoni mwake.

Daktari tuliyeelekezwa kwake ana kliniki ghorofa ya nne, katikati ya jiji, na dirisha lake linatazama paa la soko. Ni mwanamke mtaratibu asiyependa kukatiza mtu. Alisoma risiti yangu mbele na nyuma.

"Kabla ya Jumamosi alikuwa amekula simsim?"

"Hapana."

"Hata ya juu ya mkate?"

"Hapana. Nina hakika."

"Basi kuna kitu hujui, mzazi. Kinga ya mwili haimrukii mtu siku ya kwanza. Siku ya kwanza huwa inachukua picha tu. Mara ya pili ndiyo inapiga firimbi. Hawa wawili walishakutana mahali."

Nikamuuliza watakutanaje kama hajala. Akamgeukia binti yangu.

"Kwenu kuna askari kwa geti?"

"Ndio. Ako na redio."

"Mgeni akikuja kwa geti, askari anafanya nini?"

"Anamwandika kwa kitabu. Halafu anampigia dadi simu."

"Halafu?"

"Halafu anaingia na tunampatia chai."

"Sasa huyo mgeni asipite kwa geti. Aruke ukuta."

Binti yangu alifikiri. "Atachomwa na waya za stima," akasema. "Halafu atapigwa."

"Hata kama ni mjomba yako?"

"Askari hajui ni mjomba."

Daktari akanitazama kana kwamba somo limekwisha, na kwa kweli lilikuwa karibu kwisha. Chakula kikipitia mdomoni hadi tumboni, akaeleza, kimeingia kwa geti. Huko kinga ya mwili imezoea wageni, na mara nyingi hujifunza kuwavumilia. Lakini ngozi ya mtoto mwenye ekzema ni ukuta wenye nyufa. Unyevu unatoka, na vitu vya nje vinaingia. Askari walio chini ya ngozi hiyo tayari wamevurugwa, wanapiga kelele, na kelele zao ndizo muwasho na wekundu tunaouona. Kitu kidogo cha chakula kikipenya hapo mara kwa mara, wanakiandika kama mwizi. Mwili unatengeneza kingamwili za kukisubiri. Miaka ikipita, chakula kilekile kikaja kwa geti kwa heshima zake zote, kinakuta picha yake imebandikwa ukutani.

"Una uhakika ndivyo ilivyokuwa kwake?" nikauliza. Ni swali ninalolipwa kuuliza.

"Kwa watoto kwa jumla, ushahidi ni mzuri. Kwa huyu mmoja siwezi kuapa. Nenda utafute ni wapi ngozi yake ilikutana na simsim, halafu uniambie. Na mpaka tujue zaidi, asile, asipakwe, na asikae jikoni ambako inapikwa. Kuna nyumba anayoenda mara nyingi?"

Niliwaza ladu. Nikasema iko.

Mtoto alikuwa amesikia. Barabarani, tukirudi nyumbani, aliuliza, "Kwa hivyo kwa Ba nitaenda?"

"Tutaona," nikasema.

Anajua maana ya tutaona. Alininunia hadi tukapita Arboretum.

Nilianza uchunguzi kwangu, jikoni, kwa kusoma lebo moja baada ya nyingine: mkate, biskuti, unga wa uji, siagi ya karanga. Anti alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Dadi, unatafuta nini kwa kabati yangu?"

"Simsim."

"Ya kula hakuna."

Miaka niliyokaa na waandishi wa habari imenifundisha kusikiliza neno ambalo mtu hakulazimika kuliongeza.

"Na isiyo ya kula?"

Anti akashusha mwiko. Alienda sehemu ya kufulia, akainama nyuma ya ndoo ya sabuni, akarudi na chupa ya mafuta ya rangi ya chai isiyo na maziwa, imebaki robo.

"Ile krimu ya daktari sikatai, ni nzuri," akasema. "Lakini ukimaliza kumpaka, mtoto anakaa kama amelala kwa jivu. Nikimshukisha chini, wale kina mama hawamwangalii daktari. Wananiangalia mimi."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo naongeza kidogo juu. Ya kung'arisha tu."

"Tangu lini?"

"Tangu aanze kukaa mwenyewe."

"Kila siku?"

"Jumapili hapana. Jumapili mnampaka nyinyi, na kusema ukweli, Dadi, anaonekana amepauka."

Nilimuuliza chupa ilitoka wapi. Alielekeza kidole sakafuni, chini, kwa Ba.

Nilishuka bila mtoto. Ba alifungua mlango, akatazama nyuma yangu akimtafuta, kisha akatazama chupa.

"Imeisha? Ngoja nikupe ingine."

"Ba, umekuwa ukimpaka mtoto haya mafuta?"

"Sipaki. Nakanda." Alinionyesha bakuli dogo la chuma analoyapashia moto, na jinsi kidole gumba kinavyopita kwenye nyayo. "Mama yangu alinikanda na hii. Mimi nikakanda watoto yangu tatu. Iko safi kabisa, haina dawa, haina manukato. Wewe ulisema manukato hapana."

Nilikuwa nimesema hivyo kweli. Nikamweleza habari ya geti na ukuta, polepole, nikijaribu kutumia maneno ya daktari bila kuongeza yangu. Alisikiliza akiwa amekunja mikono juu ya sari.

"Huyu daktari amesoma wapi?"

"Sijamuuliza."

"Mwambie akuje anikague mimi. Nina miaka sabini na sita, angalia hii mkono." Nikaangalia. Ulikuwa mkono mlaini kuliko wangu. Kisha akaukunja tena juu ya sari. "Lakini ngozi yangu haikupasuka nikiwa mtoto. Yake ilipasuka."

"Ndiyo tofauti yenyewe, Ba. Ingekuwa nzima, labda mafuta hayangefanya kitu."

"Na leo saa kumi atakuja?"

Nikamwambia kwamba jikoni kwake kuna simsim na daktari amekataza. Hakubisha. Alisema tu, kama mtu anayetoa taarifa ya mwisho ili kesi iishe, "Na chupa ingine nilipatia mama yako. Ile siku ya kuzaliwa ya mtoto."

Mama yangu anakaa Kinoo, hatua chache kutoka Waiyaki Way, na nyuma ya nyumba ana ng'ombe watatu ambao huwazungumzia kama wafanyakazi wazembe. Huniita baba, kwa kuwa nimepewa jina la babake, na kwa sababu hiyo hunikemea kwa heshima. Tangu mtoto aanze kuugua ngozi, msimamo wake ulikuwa mmoja: hakuna kitu kinachoshinda jeli ya kawaida, na hayo mambo ya mafuta ya Kihindi ni ya Wahindi. Tulikwenda Jumapili. Nilisubiri hadi chai ikawa mezani.

"Mama, mtoto akija huku unampaka nini?"

"Jeli tu, baba. Unanijua."

"Hakuna kingine?"

"Kingine cha nini?"

Binti yangu aliinua kichwa kutoka kwenye kikombe chake. "Shosho, na ile ya kunukia kama biskuti?"

 Nje ng'ombe mmoja alipiga ndoo teke.

"Wewe mtoto," mama akasema, "si tulisema hiyo ni siri yetu?"

Chupa ilikuwa kwenye kabati la vyombo vya wageni, nyuma ya birika. Ilikuwa karibu tupu. Mama alieleza kwamba alijaribu mara moja tu, kwa udadisi, akaona magoti ya mjukuu yanavyong'aa kanisani, na baada ya hapo ikawa vigumu kurudi nyuma. "Lakini usimwambie yule mama wa chini," akasema. "Atajiona ameshinda."

Jioni hiyo niliketi mezani nikapanga yote kwenye karatasi moja: nani, kuanzia lini, mara ngapi, sehemu gani ya mwili. Anti, Ba, mama. Nilikuwa nimeridhika nayo kama ukurasa uliokwisha kukaguliwa. Mke wangu aliisoma akiwa amesimama, kisha akaenda chumbani. Nilisikia droo ikifunguliwa. Alirudi na kikopo cha bati kidogo ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa.

"Hii ulinunua wewe," akasema. "Alipokuwa na miezi mitatu na nusu. Ulikuja nayo kutoka Ngong Road umefurahi, ukasema ni ya asili tupu."

Nilikumbuka. Nilikipaka kwa mikono yangu mwenyewe, asubuhi na jioni, kwenye mashavu yale yaliyokuwa yakitoa majimaji, kwa wiki sita au saba, hadi kikaisha nikarudi kwenye krimu. Mke wangu alikigeuza akasoma nyuma, kwa sauti ya kutangaza habari.

"Mafuta ya alizeti. Nta ya nyuki. Mafuta ya simsim." Akakiweka juu ya karatasi yangu. "Na si wewe ndiye husoma lebo?"

"Za chakula," nikasema.

Alicheka mpaka akaketi. Nami nikachukua karatasi mpya, nikaandika orodha upya kwa kufuata tarehe. Nikawa wa kwanza.

Daktari aliipokea orodha ile, akaisoma hadi chini, akavua miwani.

"Watu wanne," akasema. "Na hakuna aliyejua kwamba nyote wanne mlimpaka."

"Hakuna."

"Huyu mtoto amependwa sana."

Alimchoma kidogo mkononi juu ya tone la maji ya simsim, akasubiri robo saa, akapima uvimbe kwa rula. Milimita saba. Kingamwili zipo, akasema, na ukiweka hilo pamoja na ya Dagoretti Corner, mzio upo. Alituonya tusije tukayachanganya mambo mawili. Simsim haikuleta ekzema. Ekzema ilitangulia, na asili yake iko kwenye ngozi aliyozaliwa nayo na kinga inayohamaki haraka. Ekzema ndiyo huenda ilifungua njia kwa simsim. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuziba ukuta na kuuacha uzibe. Mwaka ukipita, atampima tena. Watoto wengine mzio huwaishia, wengine hauwaachi maisha yote.

Mwaka huo ndipo nilipojifunza watu wanaomlea binti yangu ni watu wa namna gani.

Anti alienda kwa daktari mwenyewe, siku yake ya mapumziko, akiwa na swali moja: ni kitu gani kinaweza kupakwa juu ya krimu bila kuleta taabu na bado mtoto aonekane aking'aa. Daktari alimwambia jeli ya kawaida isiyo na harufu, kwa wingi. Ilifaa, na iling'aa. Kesho yake Anti alimpitisha mtoto mbele ya wale kina mama wa chini, polepole, mara mbili.

Mama alipopata habari kwamba daktari wa mjini amependekeza jeli, alitupigia simu wote, mmoja mmoja.

Na Ba. Siku ya tano tangu nimzuie mtoto kushuka, alipanda ngazi hadi kwetu, jambo ambalo magoti yake hayapendi, akagonga.

"Jikoni yangu haina simsim," akasema. "Njoo ukague."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amegawa mafuta, mbegu na unga wote kwa rafiki zake wa hekaluni, ameosha makopo kwa maji ya moto, amebadilisha matambara ya jikoni, na kinu cha kusagia amekifunga kwa gazeti akakiweka juu ya kabati la nguo. Nilikagua. Alinifuata nyuma akinifungulia droo ambazo sikuwa nimeomba. Chini ya kopo la dengu niliona mbegu moja, nyeupe, imenasa kwenye ukingo wa rafu. Sikujua kama niseme. Aliona macho yangu yalipotua, akalamba kidole, akaiokota, akaila.

"Sasa haina," akasema.

Saa kumi alasiri binti yangu alikuwa mlangoni kwake.

Januari ilipofika, jengo letu halikupata ladu. Watu waliuliza kwenye lifti. Wengine walidhani Ba ni mgonjwa. Kijana wa ghorofa ya tano alimuuliza uso kwa uso, naye akamjibu kwamba mwaka huu kuna mgeni anayesubiri kuandikwa kwa kitabu. Kijana hakuelewa. Binti yangu alielewa vizuri sana, na tangu siku hiyo akawa na swali la kila wiki: kama daktari akisema mwili umesahau, Ba atatengeneza? Ba alisema atatengeneza hata kama ni Agosti.

Kwa hiyo tulipokwenda kliniki mwezi wa saba mwaka huu, hatukwenda wawili. Ba alikuja, na sari ya kijani, sweta ya marehemu mumewe, na raba. Baridi ya Nairobi ilikuwa ile ya kuingia mifupani. Ngozi ya mtoto ilikuwa nzuri kuliko wakati wowote tangu azaliwe. Viwiko vilikuwa vimebaki na weusi kidogo tu. Kipimo cha mkononi kilikuwa kimeshuka: milimita tatu. Daktari alisema kiasi hicho hakisemi ndiyo wala hapana. Kilichobaki ni kumlisha simsim hapohapo, kwa vipimo vinavyoongezeka, dawa zote za dharura zikiwa mezani.

Simsim iliyosagwa ilichanganywa na ndizi iliyopondwa. Vipimo vilikuwa vitano. Cha kwanza kilikuwa kidogo kuliko tone la mchuzi. Alikilamba. Tukangoja dakika ishirini. Ba alitoa karata kwenye mkoba wake na kumfundisha mtoto mchezo ambao nashuku anaubuni kila anaposhindwa. Cha pili, hakuna kitu. Tukangoja. Baada ya cha tatu kulitokea kivimbe kimoja, kidevuni upande wa kushoto.

Nilikiona kabla ya muuguzi. Nikatazama saa.

Daktari alikuja, akainama, akakipima kwa rula. Alimsikiliza kifua, akamtazama ulimi, akaingiza kidole ndani ya kola ya sweta ya shule, ya sufu, ambayo mtoto alikuwa akijisugulia kidevu tangu asubuhi. Tukamvua sweta. Ba akamfunika na yake. Daktari akasema tusubiri kabla hajaamua chochote, na hakuna aliyegusa karata tena mpaka kivimbe kilipopotea. Kisha akatoa kipimo cha nne. Kikaenda salama, dakika ishirini nzima.

Cha tano kilikuwa kijiko kizima cha simsim ndani ya ndizi, na ndicho kipimo chenyewe. Vingine vyote vilikuwa ngazi za kukifikia. Binti yangu alikitazama.

"Nimeshiba," akasema.

"Kijiko kimoja tu," nikasema.

"Ndizi imekuwa nyeusi."

"Nusu, beta, mtoto wangu," Ba akasema. "Kwa ajili yangu."

Alifumba mdomo. Tulijaribu hadithi, ahadi, na kumpa kijiko ajilishe mwenyewe. Muuguzi alipendekeza kubadilisha ndizi. Wakaponda nyingine, nyeupe, akaikataa pia. Daktari akasema hawalazimishi mtoto, kwa sababu akilia hawatajua wekundu wa uso umetoka wapi. Akafunika bakuli.

"Basi ndiyo au hapana?" Ba akamuuliza.

"Bado, Ba."

"Amekula nne. Nne kwa tano ni alama nzuri."

"Hizo nne zote kwa pamoja hazifiki nusu ya kiasi tunachotaka. Hamwezi kumpa nyumbani. Mje tena baada ya miezi sita, na mje na kitu anachokipenda kuliko ndizi."

Ba aliuliza kama miezi sita ni kabla au baada ya sikukuu. Daktari alihesabu kwa vidole, akasema ni wiki hiyohiyo.

Nilipewa nakala ya fomu. Kivimbe cha kidevuni kimeandikwa humo: mahali, upana wa milimita nne, muda wa dakika kumi na sita. Chini yake kuna mstari wa kujaza chanzo. Daktari hakuandika simsim, wala hakuandika sweta. Mstari ule umeachwa mtupu.